Paa Kwanza, Kuta Baadaye

Kwetu Pangani, mtu aliyekusudia kujenga hakutangaza. Makuti yalimtangazia. Uliyaona yameegemezwa ukutani kwa baba yake, makuti ya viungo, mwanzoni machache ya kuhesabika, baadaye lundo, mwishowe kichanja kizima ambacho kuku wamekwisha kukigeuza mahali pa kutagia. Wazee wakipita walisema tu, "Naona umeanza," naye akajibu, "Inshallah," na mazungumzo yakahamia kwenye samaki. Shimo halijachimbwa, kamba haijavutwa, pengine hata mahali penyewe hapajaamuliwa. Lakini nyumba ilikwisha kuwa habari ya mtaa.

Nasema mambo ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, nilipokuwa na umri wa kutumwa kila kitu na kutoulizwa chochote. Kazi ya makuti ilikuwa ya wanawake na sisi watoto. Majani makavu ya mnazi hulowekwa kwanza ili yasivunjike yakikunjwa, kisha hupangwa jani juu ya jani kwenye kijiti na kushonwa kwa chane. Bibi alishona akiwa anazungumza, akiwa anagomba, hata akiwa anasinzia. Yakifika mia yalifungwa mzigo mmoja, na mzigo huo ama uliuzwa ama uliwekwa kwa ajili ya yule kijana wa nyumbani ambaye posa yake ilikuwa njiani. Maana kujenga na kuoa vilikwenda pamoja, na cha kwanza kilikuwa kujenga.

Miti ilitoka mikokoni, kwenye mdomo wa mto. Mkoko na msinzi kwa nguzo na boriti, mkandaa kwa pau na fito. Waliokwenda kukata walifuata maji: waliingia na mtumbwi yakijaa, wakatoka yakijaa tena. Tena walifuata mwezi. Mti uliokatwa mwezi ukiwa mchanga, waliamini, huliwa na bungua kabla mwenye nyumba hajazoea mlango wake. Mti wa gizani hudumu. Sijui mwezi una kauli gani juu ya wadudu. Ninachojua ni kwamba imani hiyo ilimlazimisha mtu kusubiri, na miti iliyokatwa ilisubiri pia, imelazwa kivulini ikauke bila kupinda. Mkoko haudhuriki kwa kusubiri. Ndiyo maana majahazi yaliubeba kutoka Lamu na Rufiji hadi Oman na Kuwait kwa karne nyingi, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuuza miti hiyo nje mwaka 1982. Aliyeingia nyumba za mawe za Lamu ameona vyumba virefu vyembamba, upana wake chini ya mita tatu. Aliyeamua upana huo hakuwa mchoraji. Ni boriti: hapo ndipo urefu wake ulipoishia.

Kwetu nako hapakuwa na ramani ya karatasi, kwa sababu kila mtu alikuwa nayo kichwani. Baraza mbele, ukumbi unaopenya hadi uani, vyumba huku na huku, jiko na choo nyuma. Fundi aliuliza kama unataka vyumba vinne au sita, akapima kwa dhiraa na pima, basi. Mjadala haukuwa juu ya nyumba. Ulikuwa juu ya mahali.

Mjadala huo nao ulichukua muda mrefu kuliko ujenzi. Kijana alionyesha sehemu anayoitaka, wazee wakaenda kuitazama asubuhi, wakarudi na maneno. Hapa maji ya masika hupita, hata kama sasa ni pakavu. Pale palizikwa watu zamani. Ukijenga huku, mlango wako utatazamana na mlango wa uani wa fulani, na mkewe atashindwa kutoka. Jikoni lazima kuwe upande ambao upepo wa kusi hautapeleka moshi ndani, na kaskazi nayo isije ikarusha cheche juu ya makuti ya jirani. Njia ya kisimani isizibwe. Mnazi ule una mwenyewe, hata kama shamba ni la babu yako. Usiukate, na nazi zake ukiziokota mpelekee. Kijana alisikiliza, akahamisha vigingi, akahamisha tena. Mwalimu wa chuo cha Kurani akaombwa siku njema, ubani ukafukizwa, dua ikasomwa. Wengine waliongeza ya kuzindika, ambayo mwalimu alijifanya hayaoni.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio ambazo kijana wa leo hawezi kuziamini. Nguzo zilisimamishwa, miamba ikalazwa, makombamoyo yakapandishwa, fito zikafungwa kwa kamba za usumba au za mkonge, ule mkonge ambao Mjerumani Hindorf aliuleta pwani yetu mwaka 1893 na ambao kufikia utoto wangu ulikuwa umegeuka kitu cha nyumbani. Kisha nyumba iliezekwa. Naam, iliezekwa kabla haijawa na ukuta. Paa lilisimama juu ya miguu ya miti, upepo ukipita katikati, na mwenye nyumba akakaa chini yake kwenye kivuli chake mwenyewe. Kuta zilikuja mwisho, kwa sababu ya udongo: ukikandika kabla ya kuezeka, mvua moja ya ghafla inakurudishia kazi yote chini.

Siku ya kukandika ndiyo iliyokuwa imeandaliwa muda wote huo, kuliko makuti na kuliko miti. Ilitakiwa iwe mwishoni mwa masika, maji yangaliko vidimbwini, ili kipupwe kikaushe kuta taratibu. Kisha ilitakiwa mchele uwepo ndani, nazi ziwepo, na samaki awe amesemewa kwa wavuvi. Mama alianza kuweka mchele wa siku ile tangu mavuno, akaufunga kwenye kikapu ambacho hata mgeni hakufunguliwa. Watu walikuja alfajiri. Wanawake walichota maji kwa foleni, wanaume wakakanyaga udongo, watoto tukarushiwa matonge tuyapachike palipofikia kimo chetu. Jioni nyumba ilikuwa na kuta, na kila mwenye mkono mtaani alikuwa na alama yake mle ndani. Wiki chache baadaye ilitomewa kwa vijiwe, ikasiribwa, na mtu akahamia. Kilichomchukua mwaka mzima na zaidi ni kujiandaa.

Sitaki kuipamba enzi ile. Mjane asiye na kaka alisubiri zamu ambayo haikufika. Aliyegombana na watu aliwaona siku yake ya udongo, wamejaa barazani kwa mwingine. Makuti yaliungua, na baada ya miaka mitatu minne yalivuja hata yasipoungua. Tulilala na nge. Na mikoko ile leo ni hifadhi, kuikata ni kwa kibali, na ni haki, kwa sababu tuliikata kana kwamba haina mwisho. Nikiambiwa nirudi kuishi chini ya kuti nitaomba kwanza nionyeshwe choo.

Lakini kuna kitu kiliharibika katika mpangilio, na nimewahi kukitazama kikiharibika.

Baba yangu mkubwa alijenga Tanga mjini mwanzoni mwa miaka ya 1980, nyumba ya tofali. Kiwanda cha saruji cha Pongwe kilikuwa kimeanza kazi mwaka 1980, karibu kabisa na mji, na kile cha Wazo Hill kule Dar es Salaam kilikuwapo tangu 1966. Saruji yenyewe haikuonekana. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha lakini bili yake bado inalipwa, na kila kitu kilikuwa kwa foleni: sabuni, sukari, vitenge. Saruji ilikuwa kwa kibali. Uliandika barua kueleza unajenga nini, ukapanga mstari mbele ya meza, ukarudi kesho, ukarudi wiki ijayo, ukapewa karatasi ya mifuko michache isiyotosha hata sakafu ya chumba kimoja. Ilipofika 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, aliyekuwa na mifuko mingi kuliko anayoweza kuieleza alilala macho wazi.

Hapo ndipo nilipoona tofauti ya mkoko na saruji. Mkoko ukiwekwa unakuwa bora. Saruji ikiwekwa inaganda. Unyevu wa pwani unaifikia hata kwenye mfuko uliofungwa, na baada ya miezi mitatu hivi huna saruji tena, una jiwe lenye umbo la mto wa kulalia. Kwa hiyo baba mkubwa hakuweza kukusanya kwanza ndipo ajenge. Mifuko michache ikipatikana, inamwagwa msingi upande mmoja. Mingine ikipatikana, tofali zinafyatuliwa. Na fedha nayo ilikuwa ikiyeyuka mfukoni kila shilingi iliposhushwa thamani, hivyo mwenye akili aliigeuza tofali upesi kabla haijageuka karatasi. Kulikuwa na Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kufilisika mwaka 1995, lakini mkopo wake ulikuwa na milango mingi ya kupita, na wengi tuliowafahamu waliishia mlango wa kwanza. Benki ya baba mkubwa ilikuwa lundo la tofali lililoota nyasi. Alihamia nyumba yake akiwa amestaafu.

Tulidhani ni shida ya miaka ile. Biashara ilifunguliwa, saruji ikajaa madukani hadi kwenye vibanda vya vocha, nondo zikapangwa barabarani, mabati yakaja ya kila rangi. Foleni zimekwisha, ile desturi imebaki.

Nina mtoto wa kaka yangu anayejenga Chanika, pembeni mwa Dar es Salaam. Ni kijana mwenye kazi, ana heshima, hakosi kunipigia. "Shikamoo baba mdogo, tumeshaanza." Akanitumia picha kwenye simu: nyumba ya kupendeza, paa la kuficha, vyumba vitatu kimoja masta, sebule na dainingi, gari jeusi limeegeshwa mbele. Nikamwuliza imefika wapi. Akacheka. Hiyo ilikuwa ramani. Kilichokuwapo ni kiwanja cha ishirini kwa ishirini na tripu moja ya mchanga.

Nilikwenda kukiona. Kiwanja alikipata kwa dalali, kikapimwa kwa hatua, na hatua zenyewe za muuzaji, ambaye Mungu hakumjalia miguu mirefu. Walioshuhudia walisaini kwa serikali ya mtaa. Si kwamba serikali haijajaribu. Sheria ya Ardhi ya 1999 ipo, hati za miaka 33, 66 na 99 zipo, na mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002 uliwapa watu mitaa yenye bikoni na barabara. Ila mji unakimbia kuliko wapimaji wake, na wengi hununua kwanza, urasimishaji utawakuta huko huko. Kwa hiyo jambo la kwanza alilolifanya kijana wangu, kabla ya kuzungumza na fundi mwenye vyeti wala kuulizia kibali cha ujenzi, ni kujenga msingi. Nilimwuliza kwa nini haraka. Akaniangalia kwa huruma. "Baba mdogo, ukiacha kitupu wanakiuza tena."

Sikuwa na jibu. Babu zangu walipanda minazi kwa sababu hiyo hiyo. Mnazi ulikuwa shahidi kwamba pana mtu. Sema mnazi huzaa nazi wakati unasubiri. Msingi huzaa nyasi.

Basi siku hizi nyumba huanza kabla haijapangwa, kisha mipango yote iliyorukwa humfuata mwenye nyumba mmoja mmoja na kumdai. Udongo ulikuwa mfinyanzi, ukapasuka kiangazi, nyufa zikapanda kwenye kozi ya tatu. Kiwanja kina mteremko ambao kwenye simu haukuonekana, kifusi cha kujazia kikameza fedha ya renta. Fundi wa kwanza alipiga skwea kwa ile hesabu ya tatu, nne, tano, akaipiga vizuri; wa pili akaongeza chumba upande bila kupiga chochote. Tofali zilifyatuliwa nyembamba za saruji, mfuko mmoja ukazaa watoto kuliko uwezo wake, na zikamwagiliwa maji pale tu mwenye mali alipokuja Jumapili. Mhandisi atakwambia zege hupimwa nguvu yake ikiwa na siku 28. Nilipolisikia hilo nilicheka, maana ni karibu mwezi mzima, na wale wakataji wa mikoko wangetikisa vichwa wakasema sisi tulikwambia. Kijana wangu alipandisha juu ya jamvi baada ya siku chache. Fundi alikuwa na kazi nyingine Kivule.

Baya zaidi ni maji. Katika ziara ile nilimwona mama mmoja anakaanga vitumbua kwenye kona, nikanunua, tukaongea. Akanieleza bila kuulizwa sana kwamba mvua za El Nino, 1997 kwenda 1998, maji yalishuka kutoka kule kwenye miembe yakapita hapa, akionyesha kwa mwiko mstari uliokata viwanja kama sita hivi. Sitasema kama cha kwetu kilikuwamo. Nitasema tu kwamba elimu ile ilipatikana kwa bei ya vitumbua, na katika waliojenga pale sikumpata aliyewahi kumwuliza. Dar es Salaam imelipia somo hilo zaidi ya mara moja. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu bondeni hadi Mabwepande. Mwaka 2017 nyumba za kando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kibaha, zilivunjwa kupisha upanuzi, na nyingine zilikuwa nyumba za maana, zenye ghorofa na marumaru, juu yake imechorwa X nyekundu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni. Wazee wa Pangani hawakuwa na kifungu wala futi kamba. Walikwenda tu kutazama asubuhi.

Sasa boma lake lina miaka. Kuta zimesimama, renta imemwagwa, ndani mmeota mpapai unaozaa vizuri. Anakosa paa. Bati anazozitaka ni za msauzi, mbao za kenchi ziwe na dawa, na gharama ya kupaua kwa mkupuo ni kama ya kuanza upya. Ukisimama juu ya kifusi chake unaona maboma mengine kulia na kushoto, mtaa mzima wa kuta bila vichwa, na wenye nayo wote wako kwenye vyumba vya kupanga Gongo la Mboto na Tabata, wakilipa kodi ya miezi sita mbele. Jirani zake hajawajua. Wanajuana kwa rangi ya tofali.

Wanaosonga kidogo ni akina mama. Shemeji yangu mmoja alijenga vyumba viwili kwa fedha ya vikoba na kijumbe, akaezeka bati za kawaida, akahamia na pazia badala ya milango. Vilivyobaki akaongeza akiwa ndani. Wenye ramani za kwenye simu walimcheka. Yule ndiye pekee kati yetu aliyefuata mpangilio wa zamani, paa mapema na mengine baadaye, tena akiwa na watu nyuma yake.

Maana watu wapo. Hili ndilo linaloniuma. Husemwa kwamba mjini kila mtu na lwake, na si kweli. Kijana wangu alipooa, kamati iliundwa, ikawa na mwenyekiti, katibu, mhazini na kikao kila Jumapili. Kundi la WhatsApp lilifunguliwa, majina yakapangwa na ahadi mbele yake, asiyetoa akakumbushwa asubuhi na jioni. Ukumbi ulipambwa, mshereheshaji akalipwa, keki ikafika na walinzi wake. Ulikuwa ujima wa kweli, wenye nidhamu kuliko ule wa udongo. Usiku wa saa saba maharusi walirudi kwenye chumba cha kupanga, na zawadi zikalala kwa jirani kwa kukosa nafasi.

Mwaka jana nikajaribu. Niliandika kwenye kundi la ukoo, kwa adabu zote, kwamba mwenzetu amekwama kwenye paa, bei ya bati moja ni hii, kila nyumba ikitoa bati chache kijana atahamia kabla ya masika. Tuko wengi mle. Shangazi mmoja alijibu kwa mikono ya dua. Mwingine alisema wazo zuri, lijadiliwe. Mpwa wangu akaweka picha ya machweo yenye maneno ya asubuhi njema, na baada ya hapo kimya.

Siku ya tatu kundi likachangamka tena. Binti wa binamu anafanyiwa sendofu, kamati imeshakaa, kadi ya single laki moja, dabo laki na nusu, mwisho wa kutoa ni tarehe kumi na tano. Nilichukua dabo.